Shangazi Anajibu: Mkataba Unafungwa Baada ya Saa Moja Usiku

Barua nilizochagua mwezi huu zimetoka komine mbalimbali, yaani sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, lakini zote zinahusu zile jioni za kujuana kikazi ambazo wengi mnaziita kokteli. Watu huvaa vizuri, husikiliza hotuba, hupeana kadi, kisha hula. Anayedhani ni starehe tu hajawahi kutafuta mteja katika mji huu. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ana uwezo wa kubadilisha jambo na ameuliza kwa moyo safi.

*Shangazi, jambo. Mimi ni mwanakamati wa chama cha watu wanaouzia migodi vifaa na huduma. Kila miezi mitatu tunaandaa jioni ya kujuana: hotuba mbili, maswali, kisha chakula na vinywaji. Mara ya mwisho tulialika wanawake 32. Walikuja 11. Ilipofika saa moja na nusu usiku alikuwa amebaki mmoja tu, ukiwaacha mabinti wa protokoli. Wenzangu wanasema sisi tumetimiza letu, wanawake wenyewe ndio hawapendi mambo haya. Mimi sikubaliani nao, ila sina la kuwajibu. Tufanye nini?*
*Injinia, Kampemba*

Mwanangu Injinia, nakushukuru kwanza kwa kuhesabu. Kamati nyingi huhesabu mialiko iliyotumwa, zikaishia hapo. Wewe ulitazama ukumbi saa moja na nusu ukaona nani hayupo, na jibu lako limo ndani ya saa hiyo.

Nikueleze kwa nini inaniuma. Mwaka 2007 nilikuwa nauza vifaa vya kinga vya wafanyakazi wa migodi: buti, kofia ngumu, miwani, na hasa glavu za ngozi. Kampuni zilikuwa zinaingia Katanga kwa wingi baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002, nasi wauzaji tulikimbilia kila mlango uliofunguka. Nikaalikwa kwenye jioni moja ambako mkubwa wa manunuzi wa kampuni fulani angekuwepo. Ndani ya mkoba nilitia jozi moja ya glavu zangu. Ungezigeuza ungeona kwamba pale kidole gumba kinapoungana na kiganja pana mishono miwili, na juu ya mishono hiyo kipande cha ngozi kilichoongezwa, maana hapo ndipo glavu hupasuka kwanza mtu akishika chuma kutwa nzima. Nilitaka yule mkubwa atie mkono wake ndani, basi.

Mlangoni binti wa protokoli aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nilipomwambia nimekuja kwa kazi yangu aliona haya, akaitazama orodha, akanipeleka kwenye meza ya wake za wageni. Siwakosei adabu mama wale. Tuliongea vizuri, na mmoja wao ni rafiki yangu hadi leo. Lakini mkubwa wa manunuzi alikuwa meza nne mbele yangu. Hotuba zikarefuka. Maswali waliuliza wanaume watano mfululizo. Kabla chakula hakijatoka ilikuwa inakaribia saa moja, nami akili yangu yote iko kwenye taksi: nyumbani kwangu Katuba, barabara haina taa, na watoto watatu wananingoja. Nikaondoka na glavu zangu mkobani.

Asubuhi yake mapema nilikuwa mlangoni pa ofisi ya mkubwa yule. Alinipokea kwa heshima kabisa. Akaniambia, "Pole Mama, ile ya glavu tuliimaliza jana usiku, pale kwenye magari." Miezi michache baadaye niliziona glavu hizo mikononi mwa jirani yangu aliyekuwa akifanya kazi huko. Mshono mmoja. Gumba la mkono wa kulia lilikuwa limefunguka na yeye amelikaza kwa waya.

Kwa hiyo wenzako wakikuambia wanawake hawapendi, waulize tu: mara ya mwisho mambo yetu tuliyamalizia wapi, na saa ngapi? Kila mmoja ajibu kwa kinywa chake. Utasikia habari za magari, za baa, za meza ya mwisho iliyobaki na watu sita. Mkutano wenyewe, ule ulioandikwa kwenye mwaliko, wanawake wako walikuwepo. Hawakuwepo pale kazi ilipogawanywa.

Hali hii ina mizizi hapa kwetu, na vijana wengi hawaijui. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi wake kambi. Mwanaume alifundishwa ufundi na kazi za mashine. Mke wake alipelekwa fuaye, nyumba ya mafunzo ya akina mama: kushona, kupika, kupiga pasi, kulea mtoto. Wanaume waliopata elimu, walioitwa evolue, walikuwa na serkle zao, yaani vilabu, na humo walisoma magazeti, wakajadili, wakajuana na watu wenye vyeo. Bibi zetu walijuana fuaye na sokoni, babu zetu walijuana kazini na serkle. Mkoloni aliondoka, kampuni ikawa Gécamines, lakini ule mpango wa nani anajuana na nani, wapi, haukufutwa na mtu. Jioni yenu ni mjukuu wa serkle. Mmeongeza mialiko kwa wanawake, ila nyumba bado ni ileile.

Na hasara si ya heshima tu, ni ya mkate. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwachunguza watu waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, na matokeo yake aliyatoa mwaka 1974. Aliwauliza: huyo aliyekusaidia, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Karibu mmoja tu kati ya sita alisema walionana mara kwa mara. Waliobaki wote walisema mara chache, au kwa nadra. Ndugu na rafiki wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe. Habari mpya inaletwa na mtu uliyesalimiana naye mara mbili kwa mwaka, na mtu wa namna hiyo hapatikani jikoni wala kanisani tu. Tena kwetu jambo hili limezidi uzito tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, iliyotenga ukandarasi mdogo katika sekta binafsi kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Mlango umefunguliwa kwa Wakongomani. Nami nauliza: Mkongomani ni yule tu anayeweza kukaa hadi saa nne usiku?

Basi anza na simu. Wapigie wanawake wote 32, waliokuja na wasiokuja. Usiwaulize kama walifurahi, maana watakuambia ndiyo kwa adabu. Waulize mwaliko uliwafikia kwa jina la nani, walitaka kuonana na nani, walionana naye? Walirudi nyumbani kwa usafiri gani? Andika majibu yao kama walivyoyasema, uyasome mbele ya kamati bila kuyapunguza.

Wengi watakutajia saa. Mwezi wa sita jua letu linazama karibu saa kumi na mbili, na giza likiingia nauli ya taksi inapanda, na hofu ya njiani inapanda nayo. Mwenye gari lake uani halisikii jambo hilo mwilini. Jaribuni kuanza saa nane na nusu mchana, mfunge saa kumi na moja. Ila msidhani mchana ni bure: mwenye duka anapoteza mauzo, mwajiriwa anahitaji ruhusa. Kwa hiyo zungusheni, safari hii mchana wa katikati ya wiki, safari ijayo Jumamosi asubuhi. Na siku mtakayolazimika kubaki na usiku, kodini basi dogo litakalopita komine za Katuba, Kenya na Ruashi, na saa yake ya kuondoka iandikwe kwenye mwaliko tangu mwanzo. Fedha za bia zinapatikana kila safari. Za basi zitapatikana.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kamati nyingi huchoka. Mkibadilisha saa tu, na wakubwa wakaendelea kumalizia mambo kwenye magari, mtakuwa mmewaita wanawake waje kusikiliza hotuba mchana badala ya usiku. Lile la kwenye magari ndilo mnatakiwa kulirudisha ndani. Mwaka jana nilialikwa mahali walipofanya hivyo, nikatamani ningeliona jambo lile nikiwa bado nauza glavu. Hotuba ilikuwa moja, ya dakika ishirini. Kisha wakubwa wa manunuzi wanane walikaa kila mmoja kwenye meza yake, na juu ya meza karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa jina lake, kampuni yake, na vitu atakavyonunua mwaka huo. Kila mgeni alikuwa amepewa mlangoni zamu ya meza tatu, dakika tano tano. Kijana mmoja alipiga kengele. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa mama anayeuza maji ya chupa, amemtafuta mtu wa kampuni moja miezi minane, kila akienda anaambiwa yuko mkutanoni. Alipokaa mbele yake mikono ilimtetemeka dakika ya kwanza. Dakika ya nne alikuwa anaandika bei. Kengele ilipolia yule bwana hakumruhusu aondoke mpaka amempa namba yake.

Yule mama hakupendelewa. Alipewa dakika zilezile walizopewa wanaume, na yeye alizitaka hizo tu.

Maswali baada ya hotuba nayo yana ugonjwa wake. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Alecia Carter walitoa matokeo ya semina 247 walizozitazama katika vyuo na taasisi 35 za nchi kumi. Mwanaume aliyekaa ukumbini alikuwa na uwezekano mara mbili na nusu zaidi ya mwanamke wa kuuliza swali. Tena waliona kwamba swali la kwanza likitoka kwa mwanaume, wanawake waliuliza kidogo zaidi. Hawa ni wasomi wa chuo kikuu, wamezoea kusema mbele za watu! Basi mwambieni mwenye kuongoza kikao akabidhi swali la kwanza kwa mwanamke, lakini amjulishe mapema, asimshtukize kama mwanafunzi. Na aache ukimya kidogo kabla ya kuchagua mkono. Mkono wa kwanza kupanda mara nyingi ni wa yuleyule wa mkutano uliopita.

Kuhusu protokoli: wekeni vijana wa kiume na wa kike kwa sare moja. Ukumbi ambamo wanawake wote waliosimama wanabeba sinia, na wanaume wote waliokaa wana kadi, humfundisha mgeni mambo kabla hata hajaketi. Asiulizwe mtu mwenziwe wa ndoa yuko wapi. Beji ya mwanamke iwe na jina lake mwenyewe na kazi yake, si "Madame" na jina la mumewe.

Hukuniambia ndani ya kamati yenu wamo wanawake wangapi. Nimeona barua yako inasema "wenzangu" na nimekuwa na wasiwasi. Kama yumo mmoja, na ndiye mwenye kuagiza chakula, anzeni hapo kabla ya kengele na basi. Wenzako wakirudia kwamba wanawake hawapendi kujuana kikazi, wakumbushe kwamba Makutano, mtandao wa wafanyabiashara unaojulikana nchi nzima na wenye jina la Kiswahili, ulianzishwa na mwanamke, Nicole Sulu.

*Jambo Shangazi. Nina miaka 26, nimesomea umeme wa viwanda, nafunga na kutengeneza tablo, yaani paneli za umeme. Nimekwenda kokteli tatu. Nasimama karibu na ukuta na glasi ya juisi. Wanaume wakija wananiomba namba, na usiku uleule ujumbe unaanza: "Umelala?" Mmoja aliniambia ana kazi ya pampu, lakini tuonane hotelini saa tatu usiku ndipo tuizungumze. Dada yangu anasema niache kwenda. Niache?*
*Fundi umeme, Katuba*

Binti yangu, usiache. Na kabla sijakuambia la kufanya, ushike hili: kosa si lako. Si la nguo yako, si la kusimama peke yako. Anayetumia kazi kama chambo anajua anachokifanya, na nchi yetu imelitaja jambo hilo kwa jina: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono iliweka unyanyasaji wa kingono kati ya makosa ya jinai. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa hasira.

Yanayofuata ni ya kukulinda wewe, na pia ya kukuletea kazi, kwa sababu kazi ndiyo uliyoifuata.

Fika mapema. Ukiingia ukumbi una watu kumi, utasalimia kumi. Ukiingia una watu mia, wameshafunga vikundi vyao na wamekupa migongo. Nenda na mwanamke mwingine wa kazi nyingine, mfano mhasibu au muuza vifaa, mkiingia mtengane, kila nusu saa mkutane, mwambizane mmeonana na nani. Yeye akikutana na mtu mwenye shida ya umeme akuitie, nawe umfanyie vilevile. Mtu kusifiwa na mwenzake ni kuzuri kuliko kujisifu.

Simu yako iwe na picha za tablo ulizozifunga: kabla, ilivyokuwa vurugu ya nyaya, na baada, nyaya zimelazwa, zimefungwa, kila moja na namba yake. Anayekuuliza "unafanya kazi gani, mrembo" mfungulie picha hiyo hapohapo, umwoneshe namba ya kila waya. Utaona uso wake unavyobadilika. Mwenye kazi atauliza bei. Asiye na kazi atatafuta mahali pengine pa kusimama.

Namba ya kazi iwe tofauti na ya nyumbani, na saa kumi na mbili jioni uizime. Mwenye pampu mjibu hivi, kwa utulivu: "Nitakuja kuiangalia pale ilipofungwa, Jumatano saa nne asubuhi, na mwenzangu." Pampu iliyokufa haiko hotelini. Kama ipo kweli, atakuambia iko wapi.

Na wewe Injinia wa barua ya kwanza, haya nayo ni yako. Tangazeni mwanzoni mwa kila jioni majina ya watu wawili katika kamati, mwanamke na mwanaume, ambao mgeni aliyesumbuliwa atawaeleza. Akithibitika mtu ametumia mkutano wenu namna hiyo, mwondoeni kwenye orodha, hata akiwa ndiye aliyelipia chakula. Fundi huyu alikwenda mara tatu. Wapo walioacha baada ya mara ya kwanza, na kwenye hesabu yenu wameandikwa kwamba hawapendi.

*Shangazi, mke wangu ana kampuni ndogo ya usafi wa ofisi. Anaalikwa kwenye hizi jioni. Kaka zangu wananiambia sheria inakataza mke kufanya mambo ya kampuni bila ruhusa ya mume. Sina ubaya, nataka kujua.*
*Mume, Ruashi*

Baba, kaka zako wanakumbuka sheria ya zamani. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimdai mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililomfunga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa idhini hiyo. Sasa inasema mume na mke waelewane, na kuelewana huko kunakudai wewe sawa na kunavyomdai yeye. Na kwenda kusalimiana na wateja si hata tendo la kisheria.

Nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kukataza. Ukitaka kumsaidia, mfikishe pale, urudi nyumbani uhakikishe watoto wamekula bukari yao na wamelala, kisha ukamchukue saa mliyokubaliana. Usiingie naye ukumbini ukamsemea. Wakikuona, maswali yote yatakuja kwako, naye ndiye anayejua bei ya kusafisha mita moja ya sakafu.

*Mama Shangazi, nashona salopeti (ovaroli) na makoti ya kazi hapa komine ya Kenya. Nina mashine nne na wasichana watatu. Mteja wangu mmoja amenipa mwaliko wa kokteli, wote umeandikwa Kifaransa. Kifaransa changu ni kidogo sana, cha kuombea bei. Wenzangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu, wananiambia nitasimama kama bubu. Kadi sina. Niende?*
*Mshonaji, Kenya*

Nenda, mama.

Kiswahili ni kimoja kati ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, na wakubwa hao wengi wao hurudi nyumbani jioni wakaitisha chakula kwa Kiswahili hichohicho. Jioni hizi huendeshwa kwa Kifaransa kwa mazoea tu. Najua mazoea hayo yanavyofunga watu midomo: nimewaona wanawake wanaolisha familia kumi wakikaa kimya saa tatu kwa sababu ya kuogopa kukosea "le" na "la". Kamati yoyote inayosoma ukurasa huu ingetangaza mwanzoni kwamba maswali yatapokelewa kwa Kiswahili pia, ingesikia mambo ambayo haijawahi kuyasikia.

Wewe usingoje watangaze. Kariri maneno yako kwa Kiswahili, uyaseme mbele ya wasichana wako mpaka yatoke bila kukwama: "Naitwa fulani. Nashona salopeti za kazi, Kenya. Nina mashine nne. Kwa wiki natoa salopeti kadhaa," hapo utaje idadi ya kweli, usiongeze. "Natafuta kampuni moja inijaribu kwa salopeti ishirini." Ishia hapo, unyamaze, umwache naye aseme. Kutaja oda ndogo ya kujaribiwa kunamrahisishia mtu kukubali kuliko kumwomba "msaada" au "marshe", yaani kandarasi.

Kadi si kitu. Andika jina, kazi na namba yako kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi ngumu, hamsini vinatosha. Lakini watakuuliza makaratasi ya kampuni: RCCM (usajili wa biashara), namba ya utambulisho wa taifa, namba ya kodi. Kama huna, nenda Guichet unique, ofisi ya kusajili kampuni, kabla ya kokteli, uulize yanayotakiwa. Na kwa kazi za kuhudumia migodi utahitaji pia kuandikishwa kwa mamlaka ya ukandarasi mdogo, ARSP. Usione aibu kumwambia mtu, "Makaratasi yako njiani." Ila yawe njiani kweli.

Wale wenzako wa likelemba, usiwakasirikie, wanaogopa kwa niaba yako. Mchukue mmoja wao uende naye, hasa yule mwenye kuweka hesabu. Nyinyi tayari mmeshazoea mkutano ambao kila mmoja ana zamu, kila mmoja anasikika, na unaisha mapema kila mtu afike kwake. Ningependa sana Injinia wa Kampemba aje akae nanyi Jumapili moja, aone.

Jambo la mwisho. Usibebe salopeti nzima, itakusumbua. Shona mguu mmoja tu, kuanzia juu ya goti hadi chini, kwa kitambaa chako kizuri, na goti uliwekee kitambaa mara mbili kama unavyomwekea mteja anayekujali. Ukunje, uutie mkobani. Anayekuuliza mpe aushike, aupindue, avute mshono kwa nguvu zake zote. Niandikie tarehe na ukumbi. Nikiwa Lubumbashi siku hiyo nitakuja nisimame kando yako, na neno la Kifaransa likikushinda nitakutafsiria.